Nitukanie, Mke Wangu

Katika mtaa ule hakuna aliyehitaji redio ili kujua matokeo ya mpira. Timu ikishinda, Tarumbeta alirudi akiimba tangu kona ya dukani. Ikifungwa, alirudi akimtukana refa, na filimbi ya refa, na fundi aliyeshona kaptula ya refa, mpaka alipofika kwenye geti la nyumba yake. Getini alinyamaza ghafla, kama bomba lililofungwa. Hapo ndipo mkewe alipochora mstari mwaka ule ule walipooana. "Matusi yako ni ya uwanjani," alimwambia. "Kwenye mlango wangu yasikanyage." Na kweli hayakukanyaga.

Tarumbeta alikuwa fundi bati. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi, ndoo, na mifereji ya kukinga maji ya mvua, na mtu anayeshinda akigonga bati kutwa nzima huzoea kuongea kwa sauti ya kushindana na nyundo. Hata alipoomba chumvi mezani, jirani wa pili alijua kwamba mchuzi haujakolea. Jina lenyewe alipewa na mashabiki wenzake, na lilimkaa vizuri hata watoto wake wakalizoea.

Mkewe alifundisha chekechea. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo akitaka kumtania. Huyu mdomo wake ulikuwa safi kama sahani ya mgeni. Neno kali kuliko yote aliloweza kulitamka darasani lilikuwa "sijapendezwa," na watoto wakilisikia walilia kweli. Watu walishangaa hawa wawili walikutana wapi, na nani aliyekubali wa kwanza.

Uwanjani Mwalimu alikwenda mara moja tu, bado bibi harusi, na aliondoka kabla ya mapumziko, masikio yakimwaka.

"Refa naye ana mama," alimwambia mumewe aliporudi.

"Mama yake sijamgusa hata siku moja. Na refa mwenyewe namtukana akiwa na filimbi tu. Akishaiweka mfukoni nampa mkono, tunacheka. Uwanjani tusi si tusi, mke wangu. Ni jasho la mdomo."

"Jasho linanuka."

"Ndiyo maana naoga kabla sijaingia ndani."

Wakacheka, wakaacha hapo. Miaka ikapita, watoto wakakua wakatawanyika na maisha yao, naye kila timu ilipocheza akaenda peke yake.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzo alisingizia vumbi, halafu akasingizia maji baridi, mpaka bintiye mkubwa, ambaye ni muuguzi, akampigia simu, akamsikia, akasema, "Baba, kesho hospitali, na usinijibu." Kulikuwa na uvimbe kooni. Madaktari waliutoa wote, wakasema ana bahati, na sauti ikaondoka nao. Alichobaki nacho kilikuwa pumzi tu, mnong'ono mwembamba ambao lazima umsogezee sikio ndipo uupate. Daktari alimkataza kuulazimisha.

Akarudi kazini. Kazini nyundo ilimsemea. Wateja walionyesha kwa mikono wanachotaka kana kwamba yeye ndiye asiyesikia, naye akawavumilia. Lakini siku za mpira alijifungia kwenye karakana, akakaa na kipande cha bati mapajani, akikigeuza huku na huku bila kukikata.

"Nenda basi ukaangalie," Mwalimu alimwambia.

Akamwita kwa kidole, akamnong'oneza, "Kufanya nini? Nikae pale kama gunia?"

Aliyemshangaza zaidi Mwalimu alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amengojea ukimya huo kwa miaka, na ulipokuja haukumfaa kitu. Jumamosi moja alikuwa akipiga pasi, na mvumo wa uwanja ukamfikia kwa juu ya mapaa ya nyumba, ukapanda, ukakatika, ukaishia kwenye "aaah" ndefu. Mkono wake ukasimama. Alikuwa anangoja. Alikuwa anaingoja ile sauti itokee kona ya dukani ikimchambua refa, na hali mwenye sauti alikuwa nyuma ya ukuta, karakanani, kimya. Pasi nusura iunguze shati.

Aliiweka chini, akatoka, akasimama mlangoni kwa fundi.

"Jumamosi ijayo unavaa jezi. Tunakwenda wote."

Tarumbeta akamtazama kama aliyeambiwa mkewe atapanda nguzo ya umeme.

"Nani atapiga kelele?" akanong'ona.

"Wewe utaniambia mimi, na mimi nitapiga."

"Wewe? Utamwambia nini refa? Kwamba hujapendezwa?"

"Tutajua huko huko."

*

Jukwaa la mashariki lilikuwa la watu wasioogopa jua: ngazi tupu za saruji, zimepauka, zimelainishwa na makalio ya miaka mingi. Mahali pa Tarumbeta palikuwa wazi. Hakuna aliyepakalia. Upande mmoja wa pengo hilo alikuwepo Kinyozi, upande wa pili Dobi, na walipomwona anapanda ngazi waliinuka wote wawili, wakamkumbatia mpaka kofia ikamdondoka.

"Jukwaa limekufa, kaka," Dobi alisema. "Tunashangilia kama watu wanaokohoa hospitalini. Upande wa pili wanatucheka." Kisha akamwona aliyefuata nyuma, akajiweka sawa. "Ah! Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Endeleeni, msijali, mimi mgeni tu."

Lakini walijali. Habari ikapita ngazi kwa ngazi, Mwalimu yupo, jamani, tuchunge midomo, na mpira ulipoanza watu wazima walikaa wima, mikono magotini, kama watoto wanaopigwa picha. Beki wao alipoteleza akampa adui mpira, Kinyozi alifungua mdomo, akamtupia Mwalimu jicho, akamalizia kwa kusema, "Lo, pole sana."

Tarumbeta akafumba macho kwa uchungu.

Haikuchukua muda, winga wao akakatwa miguu mbele ya refa, na refa akaonyesha kwa mkono, twende, twende. Jukwaa likanung'unika. Tarumbeta akamvuta mkewe mkono wa gauni, akamwekea midomo sikioni, na Mwalimu akahisi damu inampanda mpaka kwenye nywele. Maneno yalikuwa mengi, yamepangwa vizuri, na kati yake moja tu ndilo ungeweza kulisema mbele ya mkwe.

"Kasema nini?" Kinyozi aliuliza.

Mwalimu aliinuka. Akanyoosha gauni. Akatoa ile sauti ambayo huwaita watoto sitini kutoka mwisho wa uwanja wa shule bila kengele.

"Mwamuzi! Mume wangu anasema uangalie tena, maana inaelekea kuna kitu hukukiona!"

Halafu jukwaa zima likapasuka kwa kicheko. Hata refa aligeuza shingo.

Tarumbeta akamvuta tena. "Hivyo ndivyo nilivyosema?"

"Maana ni ileile."

"Maana! Umelifua tusi langu, umelianika, na pasi umepiga!"

Lakini macho yake yalikuwa yanacheka, na dakika chache baadaye akamvuta tena. Safari hii yalimhusu mshambuliaji wao aliyekosa goli akiwa peke yake. Mwalimu akasikiliza, akatikisa kichwa, akasimama.

"Mume wangu anasema mguu unao, mzuri tu, sasa ungeanza kuutumia!"

Basi, hapo wakamzoea. Kila filimbi ilipolia vibaya, watu waligeuka kutazama midomo ya Tarumbeta inasema nini sikioni kwa mkewe, halafu wakangoja maneno yatoke yameshaoshwa. "Mwalimu, tufasirie!" walipiga kelele kutoka juu. Kabla ya mapumziko, wanaume wenye ndevu na matumbo yao, ambao wengine hata wake hawana wacha waume, walikuwa wakimwimbia refa kwa pamoja, "Mume wangu anasemaaa!" na upande wa pili ulikuwa umenyamaza, unajaribu kuelewa.

Mapumziko yalipofika, Dobi akashuka kununua maji. Mwalimu akajipepea kwa leso.

"Unaona?" alimwambia Kinyozi. "Inawezekana bila matusi. Watu wamecheka, na hakuna aliyeumia."

Kinyozi akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kukata.

"Shemeji, nikuambie kitu. Unadhani huyu alikuwa anatukana ovyo? Huyu alikuwa na sheria, na sote tulifundishwa naye. Mama wa mtu haguswi. Ulemavu hautajwi. Sura ya mtu, rangi yake, alikotoka, hivyo vyote si vyako. Alikuwa anasema, tukana kazi, usitukane mtu. Miguu, filimbi, kibendera, macho yanapokataa kuona, hayo ndiyo ya kwetu. Na akitokea mtu akavuka mpaka, Tarumbeta alikuwa anaacha mpira, anamgeukia. Ukigeukiwa na yule, ulikuwa unatamani ngazi ipasuke uingie."

Mwalimu akamtazama mumewe. Alikuwa anachunguza kucha zake, shingo imemwiva kama mtoto anayesifiwa mbele ya wageni.

"Miaka yote hii hukuniambia?"

Akainama sikioni. "Hukuuliza. Uliyafungia nje yote, na sheria zake zikabaki huko huko."

Mwalimu akampa leso afute jasho.

*

Kipindi cha pili mpira ulikuwa mzito, bila bila, na jua likawaelemea machoni. Upande wao alikuwa akikimbia mshika kibendera mwanamke, mwembamba, nywele amezibana nyuma, haachani hata hatua moja na mstari wa mabeki. Ndipo timu yao ikafunga. Jukwaa liliruka lote, Dobi alimwagia maji watu watatu, na walipotua chini wakaona kibendera kiko juu. Ameotea. Goli limekataliwa.

Kelele zilizotoka zilikuwa za kawaida, za kibendera na macho. Lakini ngazi mbili juu yao kulikuwa na kijana mmoja, mgeni wa jukwaa lile, miwani ya jua kichwani. Huyu aliinuka akamtupia yule mwanamke maneno ya aina nyingine. Alianza na mwili wake. Akaeleza anachopaswa kufanya nao badala ya kukimbia uwanjani. Akamalizia kwa mama yake mzazi. Watu wachache wakacheka kile kicheko kifupi cha mtu anayeangalia kwanza nani mwingine anacheka. Mshika kibendera hakugeuka. Kibendera tu kilishuka kidogo mkononi, kisha kikanyooka tena.

Tarumbeta alikuwa amekwisha kusimama. Akamgeukia yule kijana, akavuta pumzi kifua kikajaa, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Ilitoka hewa. Mishipa ya shingo ilimsimama, kovu la operesheni likawa jekundu, na bado ilikuwa hewa tu.

"Sema basi, mzee!" kijana akamcheka. "Husikiki!"

Mwalimu aliwahi kuona watu wakimcheka mumewe, na mara nyingi alicheka nao. Kicheko hiki hakikuwa kile. Akasimama kando yake, akamshika kiwiko, akamsogezea sikio. Tarumbeta akanong'ona maneno machache.

Jukwaa lilimtazama Mwalimu likingoja sabuni. Kwa kweli alikuwa nayo tayari. Angeweza kusema kijana amekosea, au afikirie tena. Sentensi ilikuwa imeshapangika kinywani. Akaiacha.

"Mume wangu anasema wewe ni mshenzi," alisema, bila kupaza sauti sana, na ikafika mpaka ngazi ya mwisho. "Na mimi nasema hivyo hivyo. Yule dada yuko kazini. Kama amekosea, kosa liko kwenye kibendera. Kisemee kibendera."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akainuka, Dobi akainuka, wakamtazama kijana, na nyuma yao wengine wakageuka mmoja mmoja. Kijana akashusha miwani machoni. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Mwalimu akakaa. Mkono wa mumewe ulikuja ukaushika wake, mkono mgumu wenye makovu ya bati, ukakaa hapo. Kisha akamsogelea.

"Halafu," akanong'ona, "alikuwa ameotea kweli."

*

Zimebaki dakika za mwisho, wakapata penalti. Refa alionyesha alama ya penalti, na uwanja mzima ukanyamaza, hata wauza maji walisimama. Mpigaji alikuwa yule yule mshambuliaji wa mguu mzuri. Akaweka mpira, akarudi nyuma, akajishika kiuno, akaja. Mpira uliondoka mguuni kwake ukapanda, ukapita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya nyavu, ukapita na ukuta wa uwanja, na walio jukwaani wakausikia ukigonga paa la nyumba ya mtu.

Katika kimya kile, kabla ya watu kukumbuka kusikitika, sauti moja tu ilisikika. Haikumtaja mume yeyote. Ilisema neno moja, fupi, kavu, lisiloandikika hapa, na kila silabi ilitamkwa vizuri kama inavyotakiwa mtu anapofundisha watoto kusoma.

Mpigaji aligeuka kule mbali kutazama nani.

Mwalimu alikuwa amesimama, mikono miwili imeziba mdomo. Dobi alimtazama kama aliyeona kabati linaongea. Kinyozi akavua kofia.

Na Tarumbeta akacheka. Hakuna sauti iliyotoka, lakini alicheka mwili mzima, mabega yakaruka, machozi yakamtoka, akakaa chini, akashika mbavu, akajaribu kuinuka akashindwa. Tangu hospitali hakuwa amecheka hivyo. Mwalimu akakaa karibu naye, uso unawaka.

"Nimelitoa wapi lile?"

Mumewe akajifuta macho. "Mimi hilo sijawahi hata kulitumia. Lilikuwa limekaa humo humo linakungoja."

"Nimevunja sheria?"

Akalifikiria swali kwa makini, kama mtu anayepima bati kabla ya kukata.

"Umemtukana nani?"

"Sijui. Mguu wake, nadhani."

"Mguu unaruhusiwa."

Mechi iliisha bila bila.

*

Jumatatu asubuhi, watoto hawajamaliza hata kukaa, mmoja aliinua mkono. Ni binti wa mwenye duka la vifaa, msema kweli asiyeweza kuzuilika.

"Mwalimu, baba amesema ulisema neno baya mpirani."

Darasa zima likanyanyua macho. Mwalimu angeweza kusema tufungue vitabu. Akavuta kiti, akakaa, ili wawe wanatazamana.

"Ni kweli. Nililisema."

"Kwani mpirani inaruhusiwa?"

Alikuwa na jibu la miaka yote, liko tayari, na akaona halimtoshi tena.

"Watu wazima wakikasirika na mpira hujisahau, wakausema mguu uliokosa goli. Mimi nilijisahau. Si vizuri, lakini hutokea. Kumtukana mtu mwenyewe, au mama yake, haturuhusu mpirani wala popote. Na humu darasani haturuhusu hata kwa mguu. Samahani kama mlijisikia vibaya."

Binti akaipima hukumu hiyo.

"Na kiti kikinigonga?"

"Njoo uniambie. Nitakisemesha mimi."

Mkuu wa shule alimwita mapumziko. Alikuwa mama wa makamo, mdogo kwake kwa umri, na alimfungia mlango kwa adabu.

"Dada, nimepigiwa simu na mzazi. Anasema amesikia mwenyewe kwa masikio yake."

"Alikuwa jukwaa gani?"

"Hakusema. Anasema yeye alikuwa anaangalia tu, hakufungua mdomo." Mkuu akainamia karatasi zake, na Mwalimu akaona bega linamcheza. "Kwamba hakufungua mdomo, hilo mimi sikuliamini. Ila niambie nimjibu nini."

"Mwambie ni kweli, na watoto nimewaomba radhi. Aliyebaki ni yule mpiga penalti, na huyo sitamwomba leo."

"Basi nitamwambia nusu ya kwanza," Mkuu alisema.

Mchana ule Mwalimu alipita karakanani akiwa na chupa ya chai. Tarumbeta alikuwa anakunja pembe za sanduku la mwanafunzi, akaacha nyundo alipomwona. Akamsogezea kigoda. Mwalimu akamsimulia kila kitu, binti na kiti chake, Mkuu na bega lake, naye akasikiliza akinywa kwa mikupuo midogo, kama daktari alivyomwagiza.

Kisha akamwita kwa kidole. Mwalimu akainama mpaka ndevu za mumewe zikamgusa sikio, na pumzi yake, yenye harufu ya chai na chuma, ikamwingia shingoni. Zamani maneno ya mume huyu yalikuwa ya mtaa mzima. Aliyapata pamoja na majirani, mara nyingine baada yao. Siku hizi hata habari za bei ya misumari zilimfikia hivi, yeye peke yake, na aligundua kwamba alikuwa anatafuta visababu vya kupita karakanani.

"Jumamosi tunacheza ugenini," alinong'ona. "Mbali kidogo. Kinyozi anauliza kama utakuja."

"Kinyozi ndiye anayeuliza?"

"Na mimi."

Mwalimu akamimina chai iliyobaki, akaifunga chupa, akakaa vizuri juu ya kigoda.

"Refa ni nani?" akauliza.

Tarumbeta akamsogelea tena, akaanza kumweleza. Yalikuwa marefu, na mengine yalihusu kaptula. Mwalimu hakuondoa sikio.